Kuomba mtoto aondolewe kwenye somo la lugha ya mama Singapore: tuliyoyapitia na watoto wetu wawili

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaandika uzi huu kwa sababu katika miezi hii michache nimepigiwa simu na akina mama watatu wenye swali moja: mtoto anasoma shule ya serikali hapa Singapore, somo la lugha ya mama linamshinda, je, tumwombee aondolewe? Kila mmoja nilimjibu haraka haraka, na kila nilipokata simu niliona sikumtendea haki, maana jambo lenyewe lina mafundo mengi na halimaliziki kwa ndiyo au hapana. Mimi nina watoto wawili waliopita njia hiyo. Mkubwa tulimwombea, akakubaliwa. Wa pili nilikwisha kuandika barua, ikakaa kwenye mkoba wangu wiki nzima, sikuipeleka, na hadi leo ninamshukuru Mungu kwa wiki ile.

Kwa mlio nyumbani msiojua utaratibu wa huku, nianze na neno lenyewe, kwa sababu ndilo linalotupoteza wengi. Singapore ina lugha rasmi nne: Kimalay, ambacho pia ndicho lugha ya taifa, Kichina cha Mandarin, Kitamil na Kiingereza. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya uhuru, lugha ya pili ilifanywa ya lazima katika sekondari, na kufikia 1987 shule zote zilikuwa zikifundisha kwa Kiingereza, huku lugha ya mama ikibaki kuwa somo ambalo kila mtoto hana budi kulisoma. Lakini hiyo inayoitwa lugha ya mama si lazima iwe lugha aliyobembelezewa mtoto mgongoni. Ni lugha inayopangwa kwa kufuata asili aliyoandikishwa nayo: Mchina husoma Mandarin, Mmalay husoma Kimalay, Mhindi husoma Kitamil au mojawapo ya lugha nyingine za Bara Hindi zinazoruhusiwa, kama Kihindi, Kigujarati, Kibengali, Kipunjabi na Kiurdu. Hata kwa Wachina wenyewe, mababu na mabibi wengi walizungumza Kihokkien, Kiteochew au Kikantoni, na ndiyo sababu serikali ikaanzisha kampeni ya kuzungumza Mandarin mwaka 1979. Leo hali imegeuka tena: sensa ya 2020 ilionyesha kuwa asilimia 48.3 ya wakazi wenye umri wa miaka 5 na kuendelea huzungumza zaidi Kiingereza nyumbani, ilhali mwaka 2010 walikuwa asilimia 32.3.

Nimeyaeleza hayo kwa makusudi. Wazazi wengi wa kwetu huingia ofisi ya mwalimu mkuu na hoja moja tu, kwamba lugha hii si ya mama wa mtoto huyu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haina nguvu, kwa kuwa mzazi wa Kichina aliyeketi kwenye benchi la nje akisubiri zamu yake anaweza kusema maneno hayo hayo kuhusu Mandarin, na mtoto wake bado anaisoma. Ukienda na hoja hiyo peke yake utarudi nayo.

Sisi tulifika tukiwa na binti wa miaka 11 na mvulana aliyekuwa bado hajaanza shule. Mtihani wa kuingia shule za serikali kwa watoto wa kigeni, unaojulikana kwa herufi AEIS, hupima Kiingereza na hesabu, kwa hiyo binti yetu alifaulu na kuingia darasa la tano bila mtu yeyote kumuuliza habari ya lugha ya tatu. Swali lilikuja siku ya kujaza fomu. Karani aliniuliza kwa upole, "Lugha yenu ya mama ni ipi?" nami nikajibu kwa fahari kwamba ni Kiswahili. Akatabasamu, akanisogezea karatasi, na kidole chake kikapita juu ya visanduku vitatu: Kichina, Kimalay, Kitamil. Mtoto asiye wa mojawapo ya asili hizo tatu huruhusiwa kuchagua, lakini huchagua ndani ya visanduku hivyo. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Binti yetu alikuwa na chini ya miaka miwili kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule wa PSLE. Wenzake walikuwa wamekwisha kusoma lugha zao kwa miaka minne kamili, mbali na ile ya chekechea. Barua tuliyoandika haikulalamika wala haikueleza mapenzi yetu kwa Kiswahili. Ilisema mambo matatu: kwamba mtoto hajawahi kusoma lugha yoyote kati ya tatu hizo, na ripoti zake za shule ya Tanga tangu darasa la kwanza zimeambatanishwa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza; kwamba ameingia mfumo huu akiwa darasa la tano; na kwamba saa zitakazookolewa zitatumika kuimarisha Kiingereza chake cha kuandika, ambacho mwalimu wa darasa alikwisha kukitolea maoni. Shule ndiyo inayopokea ombi na kulipeleka wizarani. Mzazi hana haja ya kuzunguka na bahasha. Tulijibiwa kwamba ameruhusiwa. Wenzake walipoingia vyumba vya lugha, yeye alikwenda maktaba na vitabu vyake, na mwezi wa kwanza alirudi nyumbani akiwa mnyonge, kwa sababu mtoto anapotengwa, hata kwa wema, huhisi kutengwa.

Kuna jambo ambalo sikuambiwa mapema na ningependa kila mzazi alijue kabla ya kutia saini. Kuondolewa kwenye somo hakumaanishi kwamba somo linafutika kwenye matokeo. Tangu mfumo mpya wa alama ulipoanza kutumika mwaka 2021, kila somo kati ya manne hupewa daraja kuanzia la 1, lililo bora, hadi la 8, na jumla ya madaraja hayo ndiyo inayompangia mtoto sekondari. Mtoto aliyeondolewa kwenye lugha ya mama hupangiwa daraja la somo hilo kwa kuangalia alivyofanya Kiingereza, hesabu na sayansi, akilinganishwa na wenzake wenye matokeo kama yake, na daraja hilo huwa kati ya 6 na 8. Chukua mtoto mwenye daraja la 3 katika masomo yote matatu. Akipangiwa 6, jumla yake ni 15. Angesoma Kimalay na kupata alama 75, hilo ni daraja la 4, na jumla ingekuwa 13. Tofauti ya mbili huku si ndogo. Kuna shule ambazo mlango wake hufungwa kwa tofauti ya moja. Kwa binti yetu hesabu hiyo haikubadili uamuzi, maana kwa muda uliobaki asingefika hata hilo daraja la 6 kwa juhudi zake mwenyewe. Kwa mtoto aliyeanza darasa la kwanza, hesabu ni nyingine kabisa, na hapo ndipo ninapofika kwa mdogo wake.

Mvulana wetu tulimchagulia Mandarin. Kila mtu alitwambia hiyo ndiyo lugha ya biashara ya kesho, nasi tukaona tunamfungulia dunia. Kila wiki kulikuwa na imla. Nakumbuka jioni moja akiwa darasa la pili, yuko mezani na daftari la miraba, anaandika herufi ya neno la kushukuru, ile yenye vistari 12 ambavyo lazima vifuatane kwa utaratibu wake. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, hadi karatasi ikatoboka pale pale, na chozi likaangukia kwenye tundu. Mimi sijui herufi hata moja. Baba yake hajui. Tuisheni ilikuwa inakula fedha na usingizi wa mtoto. Usiku ule ndipo nilipoandika barua ya kuomba aondolewe, na niliiga ile ya dada yake neno kwa neno.

Kilichonizuia kuipeleka ni swali la mwalimu wake wa Kiingereza, niliyekutana naye kwa jambo jingine. Aliniuliza: mtoto huyu anashindwa kusoma, au anashindwa kusoma Kichina? Nilirudi nyumbani nikamfungulia kitabu cha hadithi cha Kiswahili ambacho bibi yake alimtumia. Hakuna aliyepata kumfundisha kusoma Kiswahili. Alikisoma ukurasa mzima, akikwama kwenye "ng'ombe" tu. Basi tatizo halikuwa kusoma. Tatizo lilikuwa kwamba tulimpa lugha ambayo nyumba yetu haikuwa na hata uzi mmoja wa kuishikia. Niliichana ile barua, nikaandika nyingine kuomba ahamishiwe Kimalay, na shule ilipoipeleka juu ilikubaliwa.

Sitasema ilikuwa rahisi, kwa kuwa alikuwa nyuma kwa zaidi ya mwaka. Lakini Kimalay huandikwa kwa herufi tulizozizoea na husomeka karibu kama kinavyoandikwa, na sisi watu wa pwani tuna mirathi moja nao kutoka Kiarabu. Siku ya kwanza alikuja na orodha ya maneno na akaanza kuyasoma kwa sauti jikoni: kitab, dunia, waktu, sebab, khabar, umur, adab, sabun. Nilikuwa nakuna nazi, nikaacha mbuzi pale pale. Siku ya Alhamisi kwao ni Khamis, Ijumaa ni Jumaat. Mtoto aliyekuwa akilia juu ya daftari alianza kuniuliza yeye maswali, na kunicheka nilipodhani "maktab" ni maktaba, kumbe ni chuo.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia akina mama walionipigia: kabla hujaomba mtoto aondolewe, hakikisha kwanza kwamba tatizo ni somo na si lugha mliyoichagua. Karibuni kwa maswali na kwa uzoefu wenu.

Mchangiaji wa pili

Dada, ahsante kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili. Naomba kuuliza kuhusu mtoto mwenye disleksia, yaani tatizo la kusoma na kuandika. Binti yangu yuko darasa la tatu, anasoma Mandarin, na hata Kiingereza kinamtesa: herufi zinamgeukia, anaruka mistari, na imla ya maneno kumi humchukua jioni nzima. Je, kwa hali hiyo mtu anakubaliwa moja kwa moja?

Mwenye uzi

Mdogo wangu, pole sana, na swali lako ni zito kuliko langu. Kwa ninavyoelewa hakuna kukubaliwa moja kwa moja. Kila ombi huangaliwa peke yake. Mimi sijapita huko na sipendi kukuelekeza njia nisiyoitembea. Namwomba mwenzetu mwenye mtoto wa hali hiyo aje aeleze.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mzazi kutoka Mombasa, tuko hapa mwaka wa tisa, na mwanangu wa kiume ana disleksia. Mama, naomba nikueleze kwa utulivu, kwa sababu najua jinsi moyo unavyokwenda mbio wakati huu.

Jambo la kwanza ni ripoti ya mwanasaikolojia. Barua ya daktari wa kawaida inayosema mtoto ana shida ya kusoma haitoshi. Inatakiwa tathmini kamili yenye vipimo vya uwezo wa kufikiri, kumbukumbu, kusoma na kuandika, na ni vyema ripoti iseme waziwazi ni kwa namna gani tatizo hilo linaigusa lugha ya pili. Yetu ya kwanza ilizungumzia Kiingereza peke yake, ikabidi turudi. Ongea kwanza na mwalimu wa mahitaji maalumu wa shuleni kwenu ili ujue shule yenyewe inaweza kukusaidia kiasi gani kupata tathmini, kwa sababu ukienda binafsi gharama yake si mchezo.

Jambo la pili, usidhani kuondolewa ndiyo hatua ya kwanza. Wizara hupenda kuona kwamba njia nyingine zimejaribiwa. Kuna kuongezewa muda kwenye mtihani, kuna karatasi zenye maandishi makubwa, na kuanzia darasa la tano mtoto anaweza kusoma lugha ya mama kwa ngazi nyepesi, ambayo matokeo yake pia hubadilishwa kuwa daraja kati ya 6 na 8. Mwanangu tulijaribu kwanza muda wa ziada kwa mwaka mzima, na kumbukumbu za mwaka huo, pamoja na madaftari yenyewe, ndizo zilizobeba ombi letu. Mimi nilichagua kurasa tatu za imla: ya Januari, ya Mei na ya Septemba. Yeyote aliyezitazama aliona mtoto anayejitahidi na asiyesogea. Hakuna sentensi ningeiandika ambayo ingesema hivyo.

Tulikubaliwa mwanzoni mwa darasa la tano. Kiingereza chake kilipanda, si kwa miujiza, bali kwa sababu alilala mapema na akafika darasani akiwa na nguvu.

Mchangiaji wa nne

Niwie radhi dada, lakini mimi nitasimama upande wa pili kidogo. Tunapohamia nchi ya watu, tunahamia pamoja na sheria zao. Sisi wenyewe Kenya tunamlazimisha kila mtahiniwa wa kidato cha nne kufanya Kiswahili, na aliyewekewa mlango mwingine ni mtoto kiziwi, ambaye hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake. Hatusemi kwamba mtoto wa Kalenjin au wa Kisomali aondolewe kwa sababu si lugha ya mama yake. Iweje sisi tukifika kwa wenzetu tuwe wa kwanza kuandika barua?

Mwenye uzi

Kaka, hujanikosea hata kidogo, na ndiyo maana barua ya pili niliichana. Mtoto wa Kalenjin hukutana na Kiswahili tangu darasa la kwanza, redioni, sokoni na kwenye matatu. Angekuwa ameishi maisha yake yote Oslo, akaletwa Eldoret akiwa kidato cha tatu, nadhani hata wewe ungetafuta namna ya kumsaidia. Binti yangu alikuwa katika hali hiyo. Mdogo wake hakuwa. Na nikubali waziwazi kwamba binti yangu amepoteza kitu. Ana marafiki ambao wakikaa mezani kwa bibi zao yeye huona midomo ikienda na hajui kinachosemwa. Sasa ana miaka 17 na ameanza kujifunza Kimalay kwa kaka yake mdogo, kwa hiari yake, kwa kutumia daftari lake la darasa la nne.

Mchangiaji wa tano

Je, haiwezekani kuomba Kiswahili kihesabiwe badala ya hizo tatu? Nimesikia kuna watoto wanaofanya Kifaransa.

Mwenye uzi

Ni kweli kwamba mtoto wa kigeni, au raia aliyerudi baada ya kukaa nje muda mrefu, anaweza kuomba kusoma lugha nyingine badala ya lugha ya mama, na Kifaransa, Kijerumani na Kijapani ni miongoni mwa zinazotajwa. Kiswahili hakimo. Niliuliza, na nikauliza tena. Mara nyingi pia ni juu ya mzazi kumtafutia mtoto mwalimu wa lugha hiyo nje ya shule, kwa hiyo fikirieni gharama na umbali kabla ya kuona ni njia ya mkato. Jambo hili linaniuma, sitaficha. Lugha inayozungumzwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi haina kisanduku chake pale karani aliponiwekea karatasi. Kiswahili cha watoto wangu kinaishi kwa simu ya bibi yao kila Jumapili na kwa sheria ya nyumba kwamba mezani hakuna Kiingereza.

Mchangiaji wa sita

Mama, sisi tunahamia Januari, mtoto anaingia darasa la nne, hajawahi kusoma lugha yoyote kati ya hizo. Huyo yuko katikati ya watoto wako wawili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwenye uzi

Mwanangu, hapo ndipo pagumu, na nitakwambia ambalo ningelifanya mimi, ukijua kwamba si kila mtoto ni wangu. Darasa la nne lina miaka mitatu mbele yake. Ningechagua Kimalay, nikaiambia shule mapema kwamba anaanza kutoka sifuri, na nikaomba mwalimu aandike maendeleo yake kila muhula. Ningemwacha mwaka mzima. Mwezi wa Oktoba ningekaa na madaftari yake mezani, la Februari upande huu na la Oktoba upande ule. Kama kuna mwendo, hata wa kobe, ningeendelea na kuangalia ngazi nyepesi anapoingia darasa la tano. Kama hakuna, ningekuwa tayari na ripoti za nyumbani, maoni ya mwalimu na madaftari hayo, na ningepeleka ombi kabla shule haijafungwa Novemba, ili jibu lije mapema na asianze darasa la tano akiwa hajui atakaa chumba gani. Ripoti za kwenu zigongeshe mhuri wa shule na uzitafsirishe kabla hujapanda ndege. Mimi nilihangaika nazo kwa miezi miwili nikiwa huku.